Benki imekosea jina langu na mwenye nyumba hataki polisi: nianzie wapi hapa Changsha?

Shikamoo Mwalimu,

Natokea Mbeya, nafundisha fizikia. Nimeajiriwa na shule ya sekondari ya lugha mbili hapa Changsha, mkoa wa Hunan, na leo ni siku ya 19 tangu pasipoti yangu igongwe muhuri wa kuingia China. Wiki ya kwanza shule ilinilipia hoteli. Baada ya hapo dalali akanipatia nyumba ya chumba na sebule, ghorofa ya 14. Nikatoa kodi ya miezi mitatu, amana ya mwezi mmoja, na nusu mwezi ya dalali. Akiba niliyokuja nayo karibu yote imeishia hapo.

Sasa mambo yamefungamana. Shule inataka karatasi ya polisi inayoonyesha ninapoishi ili iniombee kibali cha ukaaji. Mwenye nyumba anasema hakuna haja, wapangaji wake wa zamani hawakuandikishwa, na nikimsumbua nitafute pengine. Benki nilifungua akaunti wiki iliyopita, lakini nikitaka kuiunganisha na simu ili nilipe kama wenzangu, simu inajibu kwamba jina halilingani. Pasipoti yenyewe shule inaichukua keshokutwa. Bila kulipa kwa simu siwezi hata kukodi baiskeli.

Mengine ni madogo lakini yananitoa machozi. Nimekulia kwenye baridi, ila hii ya hapa iko mpaka ndani ya shuka, na kiyoyozi kinapuliza hewa baridi. Mama hanipati WhatsApp. Chakula ni pilipili asubuhi mpaka jioni. Njiani watu wananipiga picha. Mzazi mmoja ameniomba nimfundishe mtoto wake nyumbani kwao Jumamosi kwa yuan 300 kwa saa, na kwa hali niliyonayo nashawishika kukubali.

Nianzie wapi?

Mwalimu wa Fizikia, Changsha

---

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Anza na karatasi ya polisi, tena kesho asubuhi. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu Julai 1, 2013, inakupa siku 30 tangu siku ya kuingia uwe umewasilisha ombi la kibali cha ukaaji. Umebakiwa na siku 11, na ni siku za kalenda: Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Zikipita, faini ni yuan 500 kwa kila siku, mpaka kufikia 10,000. Ombi hilo halipokelewi bila karatasi ya polisi. Kwa hiyo maneno ya mwenye nyumba kwamba hakuna haja yasikupotoshe. Yeye hatalipa faini yako.

Sheria hiyohiyo inamtaka mgeni anayelala mahali pasipo hoteli ajiandikishe kituo cha polisi cha mtaa, kinachoitwa paichusuo, ndani ya saa 24 tangu ahamie. Hotelini ulikuwa salama kwa sababu hoteli ndiyo huandikisha wageni wake. Ulipohamia ghorofa ya 14, hesabu ilianza upya na umeshachelewa. Adhabu ni onyo au faini isiyozidi yuan 2,000. Anayefika mwenyewe, mapema, akiongozana na mtu wa shule, huwa na nafasi nzuri ya kuishia kwenye onyo kuliko anayekutwa.

Mchukue mtu huyo wa shule. Shule inayoajiri wageni huwa na ofisi au walau mtu wa kushughulika nao, na Wachina humwita waiban. Nendeni na pasipoti yako, mkataba wa nyumba, nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba, nakala ya hati ya umiliki wa nyumba iitwayo fangchanzheng, na namba yako ya simu ya hapa. Kuandikishwa ni bure. Kabla hujaondoka dirishani soma karatasi uliyopewa: namba ya pasipoti, tahajia ya jina, namba ya ghorofa na ya mlango. Herufi moja ikikosewa, ofisi ya vibali itakurudisha palepale. Toa nakala tatu, piga na picha.

Sasa huyo mwenye nyumba. Anayekataa polisi mara nyingi ana sababu moja kati ya mbili. Huenda anaogopa kodi ya mapato ya pango, maana akikuandikisha nyumba inajulikana kuwa imepangishwa. Au huenda si mwenye nyumba kabisa: amepanga kwa mwenyewe naye akakupangisha wewe. Wachina humwita er fangdong, yaani mwenye nyumba wa pili, na hati ya umiliki hana. Utamjua kwa kulinganisha jina lililo kwenye fangchanzheng na jina lililo kwenye mkataba wako. Yakitofautiana, dai barua ya ruhusa kutoka kwa mwenye hati. Waiban ndiye ampigie simu huyo aliyekupangisha, wewe usibishane naye kwa programu ya kutafsiri, na amweleze kwamba mgeni asiyeandikishwa ni tatizo la nyumba pia. Akishikilia msimamo, nendeni kituoni hata bila nakala zake, mkiwa na mkataba na risiti ya malipo, mwombe askari ampigie. Hilo nalo likishindikana, dai amana yako na uhamie bweni la walimu au hotelini, uandikishwe huko, ombi liingie ndani ya muda. Hasara ya kodi inauma, najua. Kibali kikikosekana, kazi yenyewe inakuponyoka.

Waulize pia watu wa shule mambo mawili leo hii: kibali cha kazi kimetoka? Maana hicho hutangulia cha ukaaji. Na upimaji wa afya kwenye kituo cha afya cha wasafiri wa kimataifa umeshafanyika? Kama bado, nenda asubuhi bila kula, kwa sababu kuna kipimo cha damu.

Kuhusu pasipoti: usiitoe keshokutwa kabla hujapita benki. Ombi likipokelewa, ofisi ya vibali inaruhusiwa kukaa nayo mpaka siku 15 za kazi, na hakuna benki itakayorekebisha jina lako bila pasipoti halisi. Watakupa stakabadhi yenye picha yako. Hiyo inatosha kwa hoteli na treni za ndani, ila nje ya nchi hutoki.

Hapa kwenye jina nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapokwama bila kujua kisa. Mashine za China zimetengenezwa kwa majina ya herufi mbili au tatu za Kichina. Sisi tunakuja na majina matatu yenye nafasi katikati. Karani mmoja anaandika jina la ukoo kwanza, mwingine la kwako kwanza, mwingine anaacha la kati, mwingine anayaunganisha yote bila nafasi. Unapounganisha kadi ya benki na WeChat au Alipay, programu za Kichina za kulipia kwa simu, mfumo unalinganisha vitu vitatu: jina na namba ya pasipoti zilizoko benki, namba ya simu uliyoiacha benki, na kile unachokiandika wewe. Nafasi moja ikizidi, unajibiwa halilingani.

Fungua pasipoti ukurasa wa picha utazame mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za mshale. Pale jina la ukoo linatangulia, mishale miwili, kisha majina mengine. Huo ndio mpangilio wa kudai kila mahali, kwa herufi kubwa. Kama pasipoti inasomeka hivyo kwa JUMA ASHA ALI, basi benki iandike JUMA ASHA ALI, si ASHA JUMA. Wenye majina ya ng' wajue kwamba mistari ile haina kitone cha juu, basi nao wasikidai. Mwambie karani akugeuzie skrini au akuchapishie taarifa za akaunti, upige picha jina lilivyo pamoja na nafasi zake. Kama ameacha jina la kati, arekebishe, maana mshahara uliotumwa kwa majina matatu unaweza kurudi kwa aliyeutuma. Kama tofauti ni nafasi tu na benki inasema mfumo wake hauwezi vinginevyo, usipigane nayo: iga ulichokiona pale unapojaza kwenye simu.

Kisha angalia laini. Ulinunua mwenyewe kwa pasipoti yako, au mtu wa shule alikusaidia kwa kitambulisho chake? Laini iliyo kwa jina la mwingine itakusumbua kila mahali. Nenda ofisi kubwa ya kampuni ya simu, yingyeting, iwe China Mobile, China Unicom au China Telecom, ukae mbele ya kamera yao, na jina liandikwe kama la benki. Vibanda vya mitaani mara nyingi haviwezi kusajili pasipoti. Namba nyingine zimewahi kutumiwa na watu wengine, kwa hiyo ukiona Alipay inasema namba tayari ina akaunti, chagua njia ya kueleza kwamba wewe ni mmiliki mpya.

Siku utakapobadilisha pasipoti ubalozini Beijing, namba itabadilika na mlolongo huu wote utakatika. Tunza ya zamani, nenda na zote mbili benki kwanza, laini ya simu baadaye.

Wakati unasubiri, weka kadi ya Visa au Mastercard ya nyumbani kwenye Alipay au WeChat. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada. Yakizidi hapo, ada ni asilimia 3. Utalipa dukani, kwenye teksi, kwa baiskeli. Hutaweza kumtumia mtu binafsi pesa, kwa hiyo kodi ya nyumba haitapita hapo. Noti nazo bado ni pesa halali, na muuzaji anayezikataa anavunja kanuni ya benki kuu. Tembea na noti ndogondogo, kwani wanaokataa mara nyingi hawana chenji tu.

Mzazi wa Jumamosi mkatalie, kwa upole na bila kumwachia tumaini. Kibali chako kinakuruhusu kufundisha kwa mwajiri aliyeandikwa na si kwingine. Kazi nje ya hapo inahesabiwa ni kazi haramu: faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito, kizuizini siku 5 hadi 15. Tangu Julai 2021 serikali imebana sana masomo ya ziada ya kulipia, hasa ya mwishoni mwa wiki, na fizikia ni mojawapo ya masomo yaliyolengwa. Jirani mmoja akipiga simu, yuan 300 zitakugharimu ajira. Mwambie mkataba haukuruhusu. Ataelewa.

Baridi ya Mbeya ni kavu, unavaa sweta yanaisha. Ya Changsha ina unyevu, na majengo hayana bomba za joto. Mgawanyo wa tangu miaka ya 1950 uliweka mifumo ya kupasha joto miji ya kaskazini, juu ya mstari wa milima ya Qinling na mto Huai, na Hunan iko kusini yake. Lakini kiyoyozi chako karibu hakika kinaweza kupasha joto. Tafuta kwenye remoti kitufe cha kubadilisha hali, bonyeza mpaka ionekane alama ya jua. Ya theluji ndiyo inayokutesa. Weka nyuzi 20 hadi 22, elekeza vibao vyake chini kwa sababu hewa moto hupanda darini, na subiri dakika tano: mwanzoni hakipulizi mpaka koili ipate moto. Kikisimama ghafla kisha kikaendelea, hakijaharibika, kinayeyusha barafu upande wa nje. Chumba cha kulala ndicho ukipashe, si nyumba nzima. Nunua blanketi la umeme, liwashe nusu saa kabla ya kulala, ulizime unapoingia kitandani. Umeme ni volti 220, kwa hiyo vifaa vyako vitafanya kazi, ila plagi zetu za pini tatu nene haziingii kwenye soketi za hapa. Adapta moja na ekstensheni yako ya nyumbani vinatosha.

Mkaa ndani ya nyumba hapana, hata kwa dakika kumi. Madirisha ya ghorofa hizi hufunga kisawasawa, wala moshi usioonekana haukuamshi. Kama maji ya kuoga yanapashwa kwa gesi, hakikisha bomba la kutolea moshi limefika nje.

Kuna jambo hukuuliza, nami silipiti. Una siku 19 tangu utoke Tanzania. Ukipata homa miezi hii, usiseme ni mafua ya baridi. China ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria Juni 30, 2021, kwa hiyo daktari wa hapa anaweza asiifikirie kabisa. Nenda hospitali kubwa ya umma ya daraja la sanjia, yaani la juu kabisa, kitengo cha homa kiitwacho fare menzhen, na sema sentensi ya kwanza kabisa kwamba umetoka Afrika Mashariki na unataka kipimo cha damu cha malaria. Iandike kwa Kichina kwenye simu leo, ukiwa mzima. Kwa kawaida unajiandikisha kwanza, hiyo ndiyo guahao, unamwona daktari, unalipia kipimo, unapima, halafu unarudi na majibu kwa daktari yuleyule bila kupanga foleni mpya ya kujiandikisha. Pasipoti ikiwa imeshikwa, nenda na stakabadhi. Gari la wagonjwa ni 120, polisi 110.

Mama yako: WhatsApp imezuiwa huku, pamoja na Google na Facebook. Njia iliyo rahisi ni kumwekea WeChat. Kujisajili kunaweza kudai mtu mwingine askani msimbo wa kumthibitisha, tena mwenye akaunti ya zaidi ya nusu mwaka, kwa hiyo yako ni changa mno. Mwombe mwalimu mwenzako mwenye akaunti ya zamani: mama atume picha ya msimbo, askani haraka kwa sababu unaisha muda. Laini yako ya nyumbani usiizime. Ikiwa kwenye roming, data yake hupitia mtandao wa nyumbani, ndiyo maana WhatsApp hufunguka juu yake. Bei ni kubwa, basi itumie kwa ujumbe wa dharura na kwa zile namba za siri za benki. Ramani ya Google hata ikifunguka inaweza kukuweka mamia ya mita pembeni, kwani China inatumia vipimo vyake. Tumia Gaode, programu ya ramani ya Kichina.

Wanaokupiga picha, wengi ni udadisi. Inua kiganja, sema "bu pai le, xiexie", yaani basi picha, asante, endelea kutembea. Mtaani kwako pafaa kingine: muuza mboga, mlinzi wa geti na mpokea vifurushi wajue kwamba wewe ni laoshi, mwalimu. Neno hilo hapa hutumika kama Mwalimu kwetu, ni jina la heshima la kumwitia mtu, na wiki mbili zikipita mlinzi atakuwa anawajibu wengine kwa niaba yako.

Kalenda nayo usiiamini kabla ya kuangalia tangazo la serikali la sikukuu. Likizo ya Mei Mosi hurefushwa kwa kufidia siku za mwishoni mwa wiki, jambo linaloitwa tiaoxiu. Unaweza kuamshwa Jumapili ufundishe ratiba ya Ijumaa. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla na zinaisha upesi. Kama unataka kwenda Guangzhou, kwenye maduka ya Waafrika ya Xiaobei, ni kama saa mbili na nusu kwa treni ya kasi. Epuka siku ya kwanza na ya mwisho ya likizo.

Mshahara wa kwanza ukiingia, anza kutunza hati za malipo. Kutuma pesa nyumbani kupitia benki utatakiwa pasipoti, kibali, mkataba na rekodi ya kodi iliyolipwa, nashui jilu, inayopatikana kwenye programu ya kodi ya simu.

Na chakula. Usiseme "bu la" peke yake, kwa kuwa mpishi wa Hunan ana kipimo chake cha kisicho kali. Sema "bu fang lajiao", usiweke pilipili. Neno "rou" likisimama lenyewe ni nyama ya nguruwe, na mboga nyingi hapa hukaangwa kwa mafuta yake. Msomaji Mwislamu atafute maandishi ya qingzhen, hasa kwenye maduka ya tambi za Lanzhou. Unga wa sembe unauzwa mtandaoni kwa jina la bai yumi mian. Wa dukani ni wa njano na ugali wake huwa laini, ongeza unga. Majani ya viazi vitamu, matembele yetu kabisa, huitwa hongshu ye, na mchicha huitwa xiancai, wenye wekundu katikati ya jani. Uutafute sokoni kuanzia mwezi Mei, asubuhi kabla ya saa tatu, kwa kina mama wanaouza mafungu chini pembeni ya geti.